Sura ya Saba: Ua Linalokula kwa Jirani

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambamo Ibaba ya Ileje imo pamoja na vilima vya Undali na Umalila, kiangazi kikiisha kuzikausha nyasi na moto ukiisha kuzila, hutokea ardhini, mahali ambapo jicho halikutazamia kuona ila majivu na mashina yaliyoungua, ua jeupe lenye petali tano pana, lililokaa chini karibu sana na udongo hata mpita njia asiye na hadhari huweza kulikanyaga. Mvua za Novemba bado hazijashuka, nyasi mpya bado hazijachipua, nalo limekwisha kufunguka kwa ukarimu usiolingana na ukavu wa mahali. Wataalamu wa mimea wameliandika kwa jina la Cycnium adonense, na makao yake yanaanzia Ethiopia na kuteremka mpaka Afrika Kusini. Walowezi wa Kenya, ambao walizoea zaidi kumwona ndugu yake, Cycnium tubulosum, katika mbuga zenye udongo mweusi unaotuama maji, walimfananisha na karatasi laini iliyotupwa majanini. Na mfano wao si mbaya, kwa kuwa mtu akiwa mbali hudhani kweli kwamba upepo umeleta takataka kutoka sokoni, mpaka asogee na kuinama.

Lina sifa nyingine ambayo haiwezi kufichika kwa mwenye kulishika. Likibanwa vidoleni, au likichumwa na kuachwa juani, weupe wake wote huondoka, likageuka buluu iliyokoza na hatimaye jeusi kabisa. Sababu ni dawa fulani zilizomo katika maji ya mmea, ambazo zikikutana na hewa baada ya jeraha hubadilika rangi. Kwa hiyo halifai kwa shada la arusi wala kwa kupamba meza ya mgeni. Atakaye kulitazama sharti alitazame palipo na mzizi wake.

Na hapo ndipo penye mashaka, maana mwenye kuliona mara ya kwanza hutamani kulihamishia kwake. Tamaa hiyo haina aibu ndani yake. Ni tabia njema ya mwanadamu kutaka kuishi karibu na kilicho kizuri. Lakini ukilichimba pamoja na bonge la udongo, ukalipanda mbele ya mlango, ukalitilia samadi iliyooza vizuri na kulimwagilia asubuhi na jioni, aghalabu litanyauka na kufa, na huduma yako yote haitalizuia. Mtunza bustani aliyekuza waridi, dalia na mayungiyungi bila taabu hushangaa kuona ua la mwituni, lililostahimili moto na baridi ya Juni, likishindwa kustahimili ihsani yake. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, ajue kinacholiua ua lake, na ajue pia ile njia ndefu iliyo na matumaini zaidi.

Mimea mingi hujitegemea: hunywa maji na chumvi za ardhini kwa mizizi, na kwa nuru ya jua hujitengenezea sukari katika majani yake ya kijani. Ipo mimea mingine michache isiyo na ukijani hata kidogo, ambayo riziki yake yote hutoka katika mwili wa mwenziwe. Hiyo ndiyo vimelea kamili. Kati ya makundi haya mawili lipo la tatu, ambalo kwa juu hufanana na la kwanza na kwa chini hufanana na la pili, nalo ndilo kundi la nusu vimelea. Majani yake ni ya kijani na hufanya kazi yake ya halali juani. Lakini ardhini, mahali pasipofikiwa na jicho, mizizi yake imeshikamana na mizizi ya majirani kwa vifundo vidogo vya kunyonyea, na kila kifundo kimepenya gome la mzizi wa mwenyeji mpaka kwenye mishipa ipitishayo maji. Cycnium ni mmea wa kundi hili, na wenyeji wake wakuu ni nyasi.

Hila yake ya kuvuta maji inastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna jibu la maswali mengi ya bustani. Jani la mmea wa kawaida lina matundu madogo mno yanayofunguka ili lipate hewa, na hufungwa usiku au wakati wa ukame ili maji yasipotee. Nusu vimelea wengi waliochunguzwa huyaacha matundu yao wazi wakati ambapo mwenyeji amekwisha kuyafunga yake, tena wengine huyaacha wazi hata usiku. Maji hutoka hewani kwa israfu, na kwa kutoka huko huvuta mengine kutoka mizizi ya jirani, yakiwa yamebeba chumvi zote anazozihitaji mgeni. Mmea wa namna hii, ukitengwa na jirani zake, hubaki na majani yanayotumia maji kwa wingi na mizizi isiyojua kuyatafuta. Ndiyo maana ua lililohamishwa hunyauka hata likimwagiliwa: jembe limekata vifundo vyote, na maji ya ndoo hayawezi kujaza pengo la mizizi ya mwenyeji iliyobaki mlimani.

Jamaa za ua hili ni wengi, na si wote walio wapole. Zamani waliwekwa pamoja na mimea mingine isiyo na tabia ya kunyonya, lakini uchunguzi wa urithi wa mimea uliofanywa karibu na mwaka 2000 uliwaondoa huko na kuwakusanya katika ukoo mmoja uitwao Orobanchaceae, ambamo karibu kila mmoja hula kwa jirani, ama nusu ama kamili. Katika milima mirefu ya Afrika Mashariki wamo akina Hedbergia, waliopewa jina la Olov Hedberg, Mswidi aliyezuru vilele hivyo mwaka 1948 na kuandika habari za mimea ya baridi kuu. Katika nyika za baridi za Uingereza yumo Pedicularis sylvatica, mwenye maua ya waridi, na katika malisho ya huko yumo Rhinanthus minor, mwenye maua ya manjano. Na katika mashamba yetu ya mahindi, mtama na ulezi yumo kiduha, ambaye habari zake zitakuja mahali pake.

Wazungu walisumbuka kabla yetu kwa jambo hili hili. Mimea hii ilikuwa kero kwa bustani zao, kwa kuwa mbegu zake zilipandwa katika matuta safi yaliyopaliliwa vizuri, na utaratibu huo ndio uliokuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1847 Joseph Decaisne, mtaalamu wa mimea wa Paris, alitangaza kwamba mizizi ya Rhinanthus na jamaa zake imeshikamana na mizizi ya mimea mingine na kunyonya kwayo. Tangu hapo ikawa dhahiri kwamba mpaliliaji, kwa kila jani alilong'oa kandokando ya ua lake, alikuwa akiliondolea ua hilo chakula. Nusu karne baadaye Emil Heinricher, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Innsbruck, alianza mwaka 1897 kuchapisha makala zake juu ya nusu vimelea vya kijani. Yeye alivipanda vyunguni kwa subira ya ajabu, vingine peke yao na vingine pamoja na wenyeji mbalimbali, akaonyesha wazi kwamba panapo jirani afaaye mimea hii hulimika. Namhesabu Heinricher kuwa mwalimu wa kila mtu anayetaka kulea ua la namna hii, kwa sababu kabla yake watu wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa.

Wala haikulazimu kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Sandali, ambayo manukato yake yamejulikana pwani yetu tangu enzi za majahazi ya Bara Hindi, hutoka katika mti ulio nusu kimelea. Jambo hilo lilibainishwa mwaka 1871 na John Scott, aliyekuwa akifanya kazi katika bustani ya mimea ya Calcutta. Leo wakuzaji wa msandali huotesha mche wake katika mfuko mmoja na mmea mwingine mdogo wa kumlisha, na wakati wa kuuhamishia shambani huupanda karibu na miti ya jamii ya mikunde itakayoulisha kwa miaka mingi. Afrika Mashariki tunaye msandali wetu, Osyris lanceolata, mti mfupi wa nyanda kavu, ambao nao una mizizi ya kunyonya. Mizizi hiyo na gogo lake vilichimbwa kwa ajili ya mafuta mpaka Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake kati ya nchi za ukanda huu na dunia ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Miti hiyo iling'olewa kwa urahisi, na kuirudisha ni kazi ngumu, maana apandaye msandali hana budi kupanda na wa kumlisha.

Swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Mbegu ya jamaa kama kiduha ni ndogo sana, haina akiba ya chakula ya kutosha siku nyingi. Ikiota mbali na mzizi wa mwenyeji hufa. Basi mbegu isiyo na jicho wala sikio hujuaje kwamba mzizi uko karibu? Jibu lilianza kupatikana kwa sababu ya kiduha. Mwaka 1956 kiduha wa aina ya Striga asiatica aligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya Carolina, Marekani, na serikali ya huko, kwa kuyahofia mashamba yake, ikaweka karantini na kugharimia uchunguzi mkubwa. Mwaka 1966 wachunguzi waliokamua maji ya mizizi ya pamba walipata humo dawa ambayo kiasi chake kidogo mno hutosha kuiamsha mbegu ya kiduha, wakaiita strigol. Inashangaza kwamba pamba yenyewe si chakula cha kiduha. Mbegu huamshwa na dawa hiyo, hutoka, haipati pa kushika, ikafa.

Kwa takriban miaka arobaini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mmea utoe ardhini dawa inayomwita adui yake. Mwaka 2005 wachunguzi wa Japani wakabainisha kwamba mwito ule haukukusudiwa adui. Ulikuwa ni mwito kwa kuvu wa mizizini, rafiki wa mimea, ambaye huuletea mmea fosforasi kutoka mbali na kulipwa sukari. Mmea ukishikwa na njaa ya fosforasi huzidisha kuita, rafiki huja, lakini jirani mwenye njaa naye amesikia na kuja. Mwaka 2008 ikajulikana tena kwamba dawa za aina hiyo hufanya kazi ndani ya mmea wenyewe, kuzuia matawi yasichipue kupita kiasi. Nakiri kwamba sijapata kusoma habari ya ardhini iliyonigusa kuliko hii. Tumezoea kuitazama nyika iliyotulia tukadhani kwamba hakuna kinachotendeka humo, kumbe chini ya nyayo zetu mnapita maombi na majibu usiku na mchana.

Kwa mtunza bustani habari hii huenda ina matumizi. Udongo uliotiwa mbolea ya kupandia, ambayo ina fosforasi nyingi, huufanya mmea uliomo usione haja ya kuita, na mzizi usioita hauamshi mbegu inayongoja mwito. Fauka ya hayo, mbolea hurefusha nyasi, na nyasi ndefu huliziba jua ua lililokaa chini. Basi yule aliyetia samadi kwa wema huenda alikuwa akifunga milango miwili kwa pamoja. Ardhi dhaifu, ambayo kwa viazi na kwa pareto mkulima wa Ibaba angeisikitikia, kwa ua hili ndiyo ardhi bora.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Rai yangu ya kwanza, ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote, ni kwamba asiyekuwa na nyasi asianze na ua. Chagua kipande cha uwanja ambacho jembe halijakigusa kwa miaka mingi, pengine ukingo wa mtaro, pengine kiraka cha mteremko kisichofaa kulimwa. Kama huna, anza kwa kuzirudisha nyasi za asili zenye kuota kwa mafungu, zile zinazoacha nafasi za udongo kati ya fungu na fungu. Ziepuke nyasi zinazotambaa na kushona uwanja wote, kwa sababu humo mbegu ndogo haipati pa kushuka wala mche haupati pa kupumulia. Kama kati ya nyasi zako imo mimea midogo ya jamii ya mikunde, iache. Uchunguzi uliofanywa juu ya Rhinanthus huko Ulaya umeonyesha kwamba mikunde ni wenyeji wazuri, kwa kuwa wana naitrojeni nyingi. Uchunguzi huo huo ulionyesha jambo jingine la kutahadhari: si kila jirani hukubali kunyonywa. Baadhi ya mimea yenye majani mapana hujenga ukuta mgumu mahali kifundo kilipogusa, na mingine huziua seli zake yenyewe hapo ili mgeni asipite. Kwa hiyo bustani yenye wenyeji wa namna mbalimbali ni salama kuliko yenye mmoja.

Mbegu zikusanywe wakati vidonge vyake vimekauka na vimeanza kupasuka vyenyewe, siyo kabla. Chukua kidogo kwa mmea huu na kidogo kwa ule, na sehemu kubwa iache idondoke pale pale. Zitunze katika bahasha ya karatasi mahali pakavu. Mfuko wa plastiki hukusanya jasho na kuzitia ukungu. Ukifika mwisho wa kiangazi, fyeka nyasi za kipande chako mpaka karibu na ardhi, ondoa zote ulizofyeka, kwaruza udongo kwa reki mpaka uonekane kati ya mafungu, kisha changanya mbegu na mchanga mkavu ili mkono uweze kuzitawanya, uzirushe siku ambayo hewa imetulia. Usizifukie. Kanyaga polepole juu yake, basi, mengine yaachie mvua. Watunza malisho wa Uingereza hufanya karibu vivyo hivyo kwa Rhinanthus, ila wao hupanda kabla ya majira ya baridi kwa sababu mbegu yake haiamki mpaka ipitiwe na baridi ya miezi kadhaa. Nao wana haja kubwa ya kufanya hivyo, kwani inatajwa kwamba nchi yao imepoteza asilimia 97 ya malisho yake ya maua tangu miaka ya 1930, na nusu kimelea huyu huwasaidia kwa kuzidhoofisha nyasi zenye nguvu ili maua mengine yapate nafasi.

Ipo njia ya pili, inayofuata nyayo za Heinricher, nayo yamfaa mwenye uwanja mdogo. Otesha fungu la nyasi za asili katika chungu au kopo lililotobolewa chini, kwa udongo wa mlimani usio na mbolea. Nyasi zikiisha kushika, rushia mbegu za ua juu ya udongo. Mche ukionekana, usiuguse wala usijaribu kuutenga na nyasi zake. Wakati wa kuhamisha, vunja chungu au kata kopo, na bonge lote liingie shimoni zima kama lilivyo, ili hata kifundo kimoja kisikatike.

Cycnium adonense ni mmea wa miaka mingi, wenye shina gumu ndani ya ardhi ambalo ndilo linalouokoa katika moto. Usitazamie basi maua katika msimu wa kwanza, wala usidhani kwamba kutoonekana kitu juu ni dalili ya kushindwa chini. Kuhusu moto wenyewe, sishauri mtu autie katika uwanja wa nyumbani. Mioto ya kiangazi katika wilaya zetu imekwisha kuteketeza misitu, mizinga na maghala kiasi cha kutosha. Fyekeo likipitishwa mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, na majani yaliyokatwa yakiondolewa yasioze pale na kuinenepesha ardhi, sehemu kubwa ya kazi ya moto itakuwa imefanyika: nuru itafika chini.

Lazima sasa niseme habari za kiduha, maana mtu anayepanda ua la ukoo huu bila kumjua kiduha huweza kuwadhuru jirani zake. Striga asiatica ana maua madogo, aghalabu mekundu, mazuri kwa kweli, na majani yenye kukwaruza, na humea chini ya mahindi, mtama, ulezi na mpunga wa nchi kavu. Mmea wa mahindi ulioshikwa naye hudumaa na kunyauka ilhali ardhi ina maji, na madhara huanza kabla mkulima hajaona chochote juu ya udongo. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Katika mashamba ya mpunga ya Kyela, jirani zetu wa bondeni, yupo kiduha huyo katika sehemu za juu zisizotuama maji, na katika mabonde yenye maji yupo nduguye, Rhamphicarpa fistulosa, mwenye maua meupe, ambaye ana uwezo wa pekee: akimkosa mwenyeji huweza kuishi na kuzaa mbegu kwa juhudi yake mwenyewe, ingawa akimpata hunenepa zaidi.

Dhidi ya kiduha kumepatikana silaha kadhaa, na ile ninayoistahi kuliko zote ilitoka Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ambako Zeyaur Khan na wenzake wa taasisi ya ICIPE walianza katika miaka ya 1990 kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Nia yao ya kwanza ilikuwa kufukuza vipepeo wa bungua, wakaona kwamba kiduha naye amepungua. Mizizi ya desmodiamu hutoa dawa zinazoziamsha mbegu za kiduha na nyingine zinazouzuia mche wake usishike mzizi wa mahindi, hata akiba ya mbegu ardhini ikapungua mwaka hata mwaka. Mkulima hupata pia malisho ya ng'ombe na naitrojeni ya bure.

Kwa mwenye bustani hadhari ni hizi. Usikusanye mbegu kandokando ya shamba la mahindi wala la ulezi, na usikusanye mbegu za mmea usioujua kwa hakika ukiwa katika maua yake, kwa maana mbegu za Cycnium na za kiduha ni vumbi tu machoni na ni vigumu kuzitenganisha. Ua jeupe pana lililolala chini ndilo letu. Ua dogo jekundu lililosimama chini ya hindi ling'olewe kabla ya kuzaa na lichomwe. Na hata Cycnium liwekwe mbali na shamba, kwa kuwa mahindi nayo ni ya jamii ya nyasi, na si busara kumwekea mgeni mwenye njaa meza ya chakula cha watoto.

Wako watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa ua ambalo liko mlimani bure. Swali hilo nalichukua kwa uzito, na jibu langu linatoka Tunduma, mpakani mwa Zambia. Nyanda hizi hizi zilijaa okidi za ardhini, ambazo viazi vyake huchimbwa, husagwa na kuchanganywa na karanga kufanya chikanda, chakula kipendwacho sana Zambia. Okidi za huko zilipoanza kwisha, wachuuzi walivuka mpaka, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka katika nyanda zetu za juu kila mwaka. Kila kiazi kilichochimbwa ni mmea uliokufa, na mbegu ya okidi, kama ua letu, haistawi bila mwenzi ardhini, ambaye kwake ni kuvu. Sehemu ya jibu la serikali ilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 katika uwanda wa juu ambao watu waliuita tangu zamani Bustani ya Mungu, nayo inahesabiwa kuwa na aina 350 hivi za mimea, zikiwamo okidi 45. Lakini Kitulo ni moja, nayo iko mbali na Ibaba. Vilima vilivyo nje yake vinalimwa zaidi kila msimu kwa viazi, kwa haki kabisa, maana watu sharti wale. Na ua ambalo haliwezi kuhamishwa kwa jembe halina pa kukimbilia jembe linapofika.

Kwa hiyo namwomba msomaji wa Ibaba, na wa Isongole, na wa Itumba, na kila aliye na shamba katika vilima hivi, kwamba msimu ujao wa kulima ukifika aache ukanda mmoja wa nyasi usilimwe, hata kama ni wa upana wa hatua chache tu, mahali ambapo ua hili limekwisha kuonekana. Kazi yote niliyoieleza hapo juu ni ya yule ambaye kwake limekwisha kutoweka. Huyo atafute mbegu kandokando ya njia na katika mipaka ya mashamba, kwa idhini ya mwenye ardhi. Ndani ya Hifadhi ya Kitulo ni marufuku kuchukua mmea wowote, mbegu zake zikiwamo.